Majina ya Kwenye Daftari la Mwalimu Minza

Mwalimu Minza,

Mwadila, Mwalimu. Kaa vizuri huko uliko, maana habari hii ni nzito: tangu ufe, mtu mashuhuri kuliko wote hapa Zagayu ni mimi. Si mchungaji, si diwani, si yule mwenye trekta. Ni mimi, Nkwabi, mwanafunzi wako uliyekuwa ukinitoa nje ya darasa kila Jumatatu. Nikipita na pikipiki mbwa hawabweki, wanasimama kwa heshima. Wanawake wawili wamewapa watoto wao jina langu, na mmoja kati ya hao watoto ni wa kike, lakini mama yake alisema haidhuru. Na mvua mwaka huu ilichelewa, watu wanasema ilikuwa inanisubiri nimalize kugawa vitabu. Mimi ni nani niwabishie watu?

Usinikunjie uso. Naujua huo uso. Sasa nasema ukweli wenyewe: vitabu vimefika. Majina yote uliyoyaandika kwenye lile daftari lako lenye jalada la bluu, kila jina limepata kitabu chake, kipya, isipokuwa jina moja. Hilo moja nitakueleza, ila kwanza niache nitambe kidogo. Nimefanya kazi, Mwalimu.

Unakumbuka uliponipa daftari? Ulikuwa umelala kwenye kile kitanda cha kamba, umekonda mpaka bangili ikawa inacheza mkononi. Ukasema, "Nkwabi, watoto wa humu ndani, kila mmoja kimoja. Na kiwe kipya." Nikakuuliza kwa nini tusiombe vilivyotumika, vipo vingi, vinapatikana upesi. Ukanikazia macho kama nimetukana. "Sare ya dada, viatu vya kaka, godoro la marehemu," ukasema. "Hata mara moja tu, mtoto wa maskini awe wa kwanza kufungua kitu." Mimi mwenyewe nilizaliwa wa sita, Mwalimu. Sikuwahi kuvaa kaptula ambayo haikuwa na umbo la mtu mwingine.

Basi siku ya kukuzika, watu wamekaa, wazee wanaulizana nani atarithi ng'ombe na nani atakaa kwenye nyumba, hakuna aliyeuliza habari ya watoto wa daftari. Nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba hiyo kazi ni yangu, na kama nikishindwa nisiitwe tena mtu wa Zagayu. Kaka yako, mzee Masanja, akaniangalia toka kwenye kandambili mpaka kwenye nywele. Akasema, "Huyu? Huyu aliyeikimbia shule kwa sababu ya jedwali la saba?" Watu wakacheka msibani, Mwalimu, hata waliokuwa wanalia wakacheka. Nikamjibu, "Mzee, vitabu havibebwi kwa jedwali la saba, vinabebwa kwa pikipiki." Nilipata makofi. Lakini nilijua nikishindwa itaonekana kazi yako nayo imekufa, imezikwa pale pale.

Wale rafiki zako mliosoma nao chuo cha ualimu hawakukuangusha. Niliwapigia simu mpaka wakaijua sauti yangu. Mmoja akaniambia, "Kijana, wewe unasumbua kuliko Minza mwenyewe," nikamwambia asante. Maboksi yakashuka stendi ya Bariadi, yamefungwa kwa kamba na plastiki. Kondakta akauliza kuna nini humo mbona mazito hivi, nikamwambia ni mbegu. Sikudanganya sana.

Niliyabeba kwa safari nne. Nilivifunika vitabu kwa turubai, halafu juu ya turubai koti langu. Kibarazani kwangu nilifungua boksi la kwanza, harufu ikatoka. Mwalimu, ile harufu! Nilikaa pale nimeingiza pua kwenye boksi kama ndama kwenye ndoo. Mke wa jirani alipita akauliza kama naumwa.

Na watoto walifanya hivyo hivyo. Hakuna niliyemfundisha. Kila aliyepewa alifungua katikati, akanusa, ndipo akatazama picha. Jilala wa mzee Sitta alinusa, akafunga, akafungua tena akanusa, akasema, "Hiki hakijashikwa na mtu." Alisema kama mtu aliyeona maajabu. Nikageuka nikajifanya nashughulika na mnyororo wa pikipiki.

Sasa sikia kioja. Baada ya wiki nikaanza kupita nyumba kwa nyumba niangalie wanavyosoma. Nafika kwa mama Kulwa, namkuta Kulwa anachezea kopo. Kitabu kiko wapi? Anaendelea na kopo lake. Namuuliza mama yake, anatabasamu kwa fahari, ananyoosha kidole ndani. Kiko kwenye sanduku la bati! Kimefungwa pamoja na kitenge cha harusi, kadi za kliniki na cheti cha ubatizo, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga. Nikasema, mayu, mama yangu, mbona hivi? Akanishangaa. "Kitu kizuri namna hii, kishikwe na mikono iliyotoka kuchuma choroko?"

Nikaenda nyumba ya pili: sandukuni. Ya tatu: juu ya dari, kimeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni. Ya nne, kwa mzee Sitta, kimewekwa pamoja na dawa za ng'ombe, na nimeambiwa kitatolewa wakija wageni. Mwalimu, walikuwa wanakuheshimu! Hawakukataa kitabu, walikipenda mpaka wakakifunga. Wewe ulitaka vipya, na upya wenyewe ndio ulikuwa umevifungia.

Nilikaa siku mbili nikiwaza. Ungekuwepo ungesema neno moja la busara na mambo yangekwisha. Mimi sina maneno hayo. Mimi nina makalio.

Nikarudi kwa mama Kulwa, nikamsalimia vizuri, nikaomba nikione kitabu mara moja, nataka kuhakiki ukurasa. Akafungua sanduku, akanipa kwa mikono miwili. Nikakiweka chini uani pale, kwenye vumbi, nikakikalia.

Kelele aliyopiga ilifika Migato. "Wewe mtoto una wazimu? Kitabu cha marehemu!" Akachukua mwiko. Nikamwambia nikiwa nimekaa vile vile, "Mayu, ukinunua jembe jipya unalifungia sandukuni?" Akasema jembe ni la kazi. Nikasema, na hiki je? Akasimama na mwiko wake. Nikainuka, nikakipangusa kwa suruali, ambayo nayo ilikuwa chafu, nikampa Kulwa. Nikamwambia, "Wewe ulikuwa wa kwanza kukifungua, hilo hakuna wa kukunyang'anya. Sasa kimeshakuwa kitu cha humu ndani. Soma." Mtoto akamtazama mama. Mama akatazama kile kitabu, kina alama ya kitako changu kwenye jalada, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Haya soma basi, kabla hajakikalia tena."

Nimevikalia karibu vyote, Mwalimu. Jina langu siku hizi ni Mkalia Vitabu. Naitwa hivyo hata gengeni, na mimi naitika. Kuna mama wa Migato alisikia nakuja, akatoa kitabu sandukuni mwenyewe akampa mtoto mbio mbio, eti huyo mchafu asije akakigusa. Huyo nilimshinda bila hata kushuka kwenye pikipiki.

Na wanasoma! Natamani ungeona. Jilala anaenda malishoni na kitabu kwenye mfuko wa mbolea, anakaa juu ya kichuguu anawasomea ng'ombe, na kuna ndama amempa jina la sungura wa kwenye hadithi. Kulwa na Doto wake wamebadilishana vyao, wakapigana, wakabadilishana tena. Bibi yao hajui kusoma, kila jioni anasema, "Leteni yule fisi wangu tuone amefikia wapi." Wiki ya kupalilia pamba nilimkuta mama Kulwa amekaa mwisho wa tuta, jembe limelala, mtoto anasoma, naye ananiashiria kwa mkono nizime pikipiki, namharibia.

Mzee Masanja naye alikuja. Hakusema chochote cha maana, si unamjua kaka yako. Alisimama kwenye pikipiki yangu, akagonga tangi kwa fimbo, akasema, "Jedwali la saba bado hujui." Halafu akaniuliza kama kuna kitabu cha mjukuu wake aliyeko Mwanhuzi, kule kwenye ukame, ambako hata mtu wa kukalia kitabu hakuna. Nikajua nimeshinda.

Mwalimu, nilitaka niishie hapa. Barua ingekuwa nzuri. Ningekuaga, ningekuambia kaburi limefagiliwa, na yale maua ya mwasumini uliyoyapanda bado yanawatia chafya watu.

Lakini kuna lile jina moja.

Ni Holo. Yule mtoto mwembamba wa darasa la tatu, mama yake anachumia watu pamba. Kitabu chake kiko kwangu, hakijafunguliwa.

Wewe vile vichache ulivyovipata ulikuwa unavigawa kwa miguu. Unaingia nyumba ya mtu, unakaa, unauliza habari za ng'ombe na za mgongo wa bibi, na ukishaaga ndipo unajifanya umekumbuka, unatoa kitabu kwenye kikapu. Mtu akikuona njiani hajui unatoka kwa nani wala kwa nini. Nilikuona ukifanya hivyo mara ngapi? Nilidhani ni uzee. Nilidhani unasahau kweli.

Mimi niliwaita watu ghalani, siku ya kupima pamba, wakati kijiji kizima kimepanga foleni kwenye mizani. Nilipanda juu ya magunia ya pamba. Nilitaka mzee Masanja asikie, nilitaka wote waliocheka msibani wasikie kwamba Nkwabi anasoma. Maana ni wewe uliyenisomesha upya, pale kwenye benchi la hospitali Bariadi, tukisubiri uitwe, nasoma silabi moja moja kama pikipiki inayoishiwa mafuta, na wewe unaumwa lakini unanisahihisha. Nikafungua daftari lako, nikaanza kuita jina, na mbele ya jina kulikuwa na maneno yako madogo madogo. Nikayasoma na hayo. Hana viatu. Baba mlevi. Watu wakawa wanaguna, nikadhani wananishangilia. Nikaongeza sauti.

Nikafika kwa Holo. Uliandika hivi: Holo. Baba ameondoka. Wanapika mara moja kwa siku, siku nyingine hawapiki. Apelekewe nyumbani. Asitajwe mbele ya wenzake.

Nilisoma yote. Hata hilo la mwisho nililisoma kwa sauti, Mwalimu, mpaka nukta, na lilipotoka mdomoni ndipo nikalisikia.

Mama yake alikuwa mbele kabisa karibu na mizani. Aliacha nafasi yake kwenye foleni, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Watoto shuleni sasa wanamwita Mara-Moja. Ameacha kuja shule.

Nimeenda kwao mara tatu na kitabu. Mtoto hatoki. Mama yake ananikaribisha vizuri, ananipa kigoda, na hicho ndicho kinachonimaliza. Mara ya mwisho alisema, "Asante, baba. Kampe mwenye shida." Nilitaka kuitisha watu tena pale ghalani niombe msamaha, nikakusikia kabisa masikioni: Nkwabi, tena mbele ya watu?

Basi sitaitisha mtu. Nakuahidi hivi: nitakwenda kwa miguu. Sitakwenda na kitabu, sitakwenda na maneno. Msimu huu nitachuma pamba pamoja na mama yake, mstari wa pembeni, nimefunga mdomo, siku zote itakazochukua mpaka Holo mwenyewe atoke na kuniuliza kitu. Na shuleni nitazungumza na mtoto mmoja mmoja. Maneno yako madogo nimeyakata kwenye daftari, nimeyachoma, nimebakiza majina tu.

Lala, mayu. Lala salama, mwalimu wangu. Ungeniuliza tu swali moja, najua, kama pale benchini, kama nilisoma vizuri.

Nilisoma vizuri sana, Mwalimu. Sikukosea hata neno moja.

Nkwabi wako