Neno Lililofika Getini

Tottenham, 9 Februari 2025

Nickson mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila goti linagombana na ngazi. Mkeo Nishma na mjukuu wangu Haika hawajambo?

"Shangazi, *crachach* ni tusi kwa kila anayesema Kiwelisi." Ndivyo ulivyoniandikia. Si kweli! Wawelisi wenyewe ndio wanaowaita hivyo wakubwa wao wa hapo kwenu Cardiff, mji mkuu wa Wales, wanaoongea Kiwelisi mezani na kugawana vyeo papo hapo. Makala yangu ya gazetini imewasema wakubwa. Au siku hizi mkubwa akijifunika lugha ya mama yake, hasemwi?

Shangazi yako,
Marcelina

Cardiff, 23 Machi 2025

Shangazi, shikamoo.

Goti vipi? Sisi wazima wa mwili tu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nyumbani tunabishana: Nishma anataka Haika ahame shule ya Kiwelisi.

Unajua tulivyomlea: akikutana na mtu mzima, anatangulia kusalimu. Basi kila asubuhi getini alikuwa anawasalimia wazazi wote kwa Kiwelisi, mmoja mmoja. Baba mmoja akacheka: "Haya, *crachach* mdogo kafika!" Wenzake wakadakia. Nilipomkabili akatoa simu, akanionyesha makala yako hiyo. "Mwafrika mwenzako ndiye kasema."

Mimi nesi wa zamu, Shangazi. Nimegawana cheo gani? Haika sasa anapita watu wazima kimya, kama anapita nguzo. Nishma amesema mwisho wake shuleni hapo ni Pasaka. Futa neno hilo.

Mwanao,
Nickson

Tottenham, 25 Machi 2025

Nickson baba,

Marahaba. Goti liache. Haika, asisalimie watu! Tangu nisome sijatulia, nazunguka jikoni tu.

Sifuti. Nikifuta, wakubwa watashangilia na yule baba atabaki na mdomo wake. Mwambie Nishma anisubiri. Haya yanatoka gazetini Ijumaa, kwa Kiingereza:

"Ninyi wazazi wa geti lile: neno langu nililirusha juu, kwa wenye vyeo. Ninyi mkainama, mkampiga nalo mtoto wa nesi, mwenye miaka saba. Hakuwa anaringa. Kwetu mdogo humwamkia mkubwa. Aliwapa heshima yenu kwa lugha ya shule mliyoichagua wenyewe. Jumatatu msimngoje. Tangulieni ninyi kumsalimu, kwa Kiwelisi, na msiondoke getini mpaka ajibu.

Bibi yake,
Marcelina"