Tulivyompelekea Yusta Habari Yako Inverness

Mama Neema, rafiki yangu,

Tulifika. Mwenzio nimerudi huku kwetu Doonside jana na kilo nne za ziada, mgongo unaniuma, na binti yako amenikataza kupanga safari yoyote maisha yangu yote. Lakini tulifika.

Pale wodini ulinishika mkono ukasema, "Mdogo wangu Yusta asisikie kifo changu kwa simu. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako." Nikasema sawa. Nani angebishana na wewe, hata na ile mipira ya oksijeni puani? Miaka tisa hamkuongea, watu wazima wawili, kwa sababu ya rangi ya sare za mazishi ya mama yenu! Aki nyinyi! Tulipokuzika, nilitishia kanisa zima kwamba atakayempigia Yusta simu asinijue tena. Watu wakanyamaza. Muujiza.

Basi tukapanda ndege, Neema akakodi gari London. Alitaka siku mbili tu za barabara, na ngome za kupiga picha. Nikamwambia Luton yuko Mama Kevin, niliyesoma naye, tukimpita bila kumsalimia tutaficha wapi uso? "Five minutes, Auntie," akasema. Five minutes! Mama Kevin alishasonga ugali tukiwa bado njiani. Coventry tukala pilau. Leeds, kwa wale Warundi mliokaa nao kambi ya wakimbizi, tukala maharage na ndizi saa tatu asubuhi, kisha wakatufungia mengine ya njiani. Kufika Glasgow, nyumba ya nne, Neema alikuwa anaendesha gari kifungo cha suruali kikiwa wazi. Ngome tuliiona moja, nayo kwa mbali, mimi nimesinzia.

Sasa kosa langu. Kila nyumba waliuliza, "Mnakwenda wapi huko baridini?" Mtu amekupikia, umeshika tonge lake mkononi, utamdanganya vipi? Nikawa nasema ukweli, halafu naongeza, "Lakini tafadhali, msimwambie mtu." Nilisema hivyo nyumba nne, Mama Neema. Nne! Na wewe unatujua.

Tulipofika kwa Yusta, siku ya tano, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa hadi nje kwenye manyunyu. Wanawake wamejifunga leso juu ya makoti. Yusta akaja mlangoni, macho mekundu, sura yako kabisa, nikashtuka. Akasema, "Mmechelewa. Tunalia tangu jana."

Niliona aibu, rafiki yangu. Kitu kimoja tu uliniomba, nami nikakiharibu kwa kula. Neema alimkumbatia mama yake mdogo asimwachie, nami nikajificha jikoni kuosha vikombe.

Yusta akanifuata huko, akafunga mlango. "Alisema nini juu yangu?"

Weh! Hukusema chochote. Nilikungoja siku mbili pale kitandani useme hata neno moja la wema, ukaomba chai. Nikamtazama yule mwanamke, nikafungua mdomo: "Alisema umsamehe."

Akanikodolea macho. "Dada yangu? Aombe msamaha? Mwongo mkubwa wewe!" Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika sinki, nami nikacheka, huko sebuleni watu wakabaki kujiuliza huu ni msiba wa namna gani. Kisha kicheko kikageuka kilio. Akajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akataka tena, nikarudia tena.

Neema amebaki huko wiki mbili zaidi. Wanalala kitanda kimoja, ananiambia wanakorofishana kuhusu dirisha. Mimi huku nimekukosa mno, hakuna wa kunigombeza.

Basi pumzika, mwenzangu. Kama umekasirika kwamba nimekuombea msamaha bila ruhusa yako, nigombeze siku tukionana. Lakini naahidi hivi: hata Yusta akiniuliza nikiwa kitandani pangu pa mwisho, nitasema ulisema.

Wako,
Nyambura