Marafiki wa Zamu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla kichwa changu hakijapasuka, maana tangu juzi nimepigwa na butwaa, na hapa kazini hakuna ninayeweza kumweleza kwa sababu jambo lenyewe nimelianzisha mimi.

Mimi ni mwalimu katika chuo kidogo cha Kikatoliki kinachofundisha walimu, tuna kikanisa kimoja, bwalo moja la chakula na mabweni yanayotazamana, na mkuu wetu ni padri mpole ambaye mwaka jana alirudi kutoka kwenye mkutano akasema vyuo vyote sasa vina mpango wa ujumuishi na sisi tusibaki nyuma, akaniteua niongoze kamati, nami nikaifanya kazi hiyo kwa moyo wote mpaka wanafunzi wakanibandika jina la Mama Wote, na sitaki kukudanganya, jina hilo nililipenda sana.

Tulianza na bwalo kwa sababu pale ndipo kila mtu anaonekana. Tukaweka meza karibu na mlango, pazuri, penye mwanga, tukatandika kitambaa cheupe alichotupatia sista anayetunza vyombo vya ibada sakristia na kibao kilichoandikwa Meza ya Karibu, wakae pale wanafunzi ambao tuliona wanaweza kujisikia wametengwa, yaani wenye ulemavu, wale ambao si Wakatoliki, na dada mmoja aliyejifungua katikati ya masomo, wahudumiwe wa kwanza, wasipange foleni. Halafu mimi mwenyewe nikawaza, tukiwaacha pale peke yao si watakuwa wapweke, ndipo nikabuni zamu ya urafiki, kila siku wanafunzi wengine wanavaa beji ya kijani iliyoandikwa Rafiki wa Leo, wanakwenda kula pale na kuongea nao, na sista wa bwalo huziandika zamu hizo zihesabiwe katika alama za huduma, ambazo bila hizo mtu hahitimu. Ili meza isivamiwe na kila mtu nikaweka sharti kwamba asiye na zamu asikae.

Sasa mshauri, kati ya wanaokaa pale yumo mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu hajaanza shule, ananiita mama mdogo, anatembea kwa magongo mawili na ana mdomo kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa anakaa nyuma kabisa karibu na jiko na rafiki yake tunayemwita Redio kwa sababu hazimi, na huko nyuma kulikuwa na kelele na vicheko hadi sista wa bwalo akawa anagonga kijiko mezani, na Redio ndiye aliyekuwa anambebea sahani, tena anamdokolea chakula njiani na wanagombana kila siku. Mimi nilipomhamishia mbele nilijua nimempandisha hadhi.

Juzi mchana niliingia bwaloni kutazama kiti cha Askofu kitakaa wapi, maana Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja kuibariki meza hiyo mbele ya wageni, nikasimama nyuma ya nguzo karibu kabisa na mlango, hawakuniona. Mwanangu alikuwa amekaa na kijana mwenye beji, kijana anachezea simu, hawaongei, kisha nikamsikia kijana anasema, "Dada, maliza basi, nina kipindi." Mwanangu akamjibu, "Nenda tu." Kijana akasimama akasema, "Ila usisahau kumwambia sista kwamba nilikuja." Na yeye akajibu bila hata kuinua uso, "Nitamwambia, mbona nawasemea wote."

Mshauri, niliumia. Si kwa sababu ya yule kijana, vijana ndivyo walivyo, bali kwa jinsi mwanangu alivyojibu, kama karani aliyezoea kazi yake.

Bado sijakaa sawa, mwanafunzi mmoja Mwislamu ambaye wenzake wanamwita Fundi kwa kuwa anatengeneza simu za bweni zima, akaniona pale kwenye nguzo, akaja na sahani yake akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani mwalimu, hivi mimi hapa nimewekwa kwa ugonjwa gani? Mimi naswali tu, siumwi." Yeye mwanzoni mwa muhula alikuja ofisini kuomba jaribio la Ijumaa mchana lisogezwe kidogo ili awahi msikitini, nikamwambia subiri kwanza kamati ikae, na kamati ikikaa huwa tunazungumzia rangi ya beji.

Jioni nikamwita mwanangu nyumbani, na hapa naomba usinihukumu haraka, nilimwita kwa sababu ndiye tuliyemchagua kutoa shukrani mbele ya Askofu na hotuba nilishamwandikia, nikasema tuifanyie mazoezi huku nikitafuta namna ya kumwuliza habari za mchana. Akaisoma yote kimya, akaishusha, akasema, "Mama mdogo, hapa umeandika kabla ya meza hii nilikuwa peke yangu. Huo ni uongo. Nimekuwa peke yangu baada ya meza." Nikamwambia lakini kila siku una watu. Akasema, "Nina watu wa zamu. Redio alikuja wiki ile nilipokosa usingizi kwa sababu ya mitihani, akakaa tu aniongeleshe, ukamwinua wewe mwenyewe mbele za watu ukamwambia zamu yake ni Alhamisi. Hajarudi tena hata hiyo Alhamisi. Anasema hawezi kuwa rafiki yangu kwa alama." Kisha akaniambia ameshapata nafasi ya kuhamia chuo kingine, muhula huu ukiisha anaondoka, na alipokuwa mlangoni akageuka akasema, "Hapa nyumbani kwako hukuwahi kuniwekea meza yangu. Ungenifanyia hivi nikiwa mtoto ningelia kila siku."

Sijalala vizuri tangu hapo. Nilimdokeza mkuu kwamba huenda tuahirishe, akasema, "Mwalimu, Askofu ameshathibitisha, sasa tumwambie meza imeugua?" Ni mtu mwema, hakusema kwa ubaya, lakini mambo yameshaiva. Kwa hiyo mshauri naomba unielekeze, nimshawishije mwanangu asome ile hotuba siku hiyo moja tu, wageni wakiondoka nitarekebisha kila kitu pole pole, na nimzuieje asihame, maana sina mwingine.

Ni mimi, Mama Wote.

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, pole. Nasema pole kwanza kwa sababu nikishaanza huenda nisipate tena nafasi ya kuisema. Barua yako niliianza nikiwa nimesimama, nilipofika kwenye "usisahau kumwambia sista kwamba nilikuja" nikavuta kiti. Nimesoma barua za ndoa zilizovunjika katika ukurasa huu na sijawahi kushtuka hivyo.

Sasa tuambiane ukweli. Umemsikia mtoto uliyemlea akikuambia ana kwa ana kwamba ile sentensi ni uongo, ukanunua stempu ukaniandikia mimi nikufundishe namna ya kumfanya auseme uongo huo mbele ya Askofu. Halafu hapo hapo unauliza utamzuiaje asihame. Mama, akiisoma hotuba hiyo atahama siku hiyo hiyo, hata kama begi lake litabaki bwenini.

Sikuiti mbaya. Mtu mbaya hasimami nyuma ya nguzo akaumia. Ila ulipendezwa na jina la Mama Wote mpaka ukasahau kuwauliza hao wote wanataka nini, na ajabu ni kwamba wengine walikuja wenyewe wakakuambia. Fundi alikuomba saa ya jaribio. Ukampa meza. Redio alikuwa anafanya bure kile unachowalipa wengine kwa alama, ukamwinua mbele za watu. Hilo la kumwinua umelitaja kwa sababu mwanao alilitaja, wala hukusema kama ulimwomba radhi, kwa hiyo naelewa hukumwomba.

Na hao vijana wenye beji nao usiwasahau, maana kesho ndio walimu wa watoto wetu. Umewafundisha kwamba kukaa na mtu mwenye magongo ni adhabu ndogo inayolipwa. Hilo nalo ni somo, tena umelifundisha vizuri.

Haya, sikiliza. Leo hii, kabla hujapika, rudi kwa mkuu wako. Usimdokeze, mweleze. Mwambie yale maneno uliyoyasikia bwaloni, neno kwa neno, ya kijana na ya mwanao, na umwulize kama yuko tayari kuyanyunyizia maji ya baraka. Padri mpole ataelewa. Asipoelewa, mwambie wewe unajiuzulu uongozi wa kamati, na umwambie ukiwa umesimama. Askofu aje tu, ni mgeni wa heshima, apange foleni na wanafunzi, ale walipo. Hakuna Askofu aliyewahi kuugua kwa kukosa kibao cha kubariki.

Kitambaa kirudi sakristia. Beji zikusanywe. Wanafunzi waambiwe na wewe, kwa sauti yako, kwamba zamu zimefutwa na kwamba kosa lilikuwa lako, usiseme "kamati iliona." Alama za huduma wakazitafute kwa kufyeka majani na kudeki bwalo, na wakishadeki hakikisha sakafu imekauka kabla watu hawajaanza kuingia na magongo yao. Wala usifanye kikao kwa hilo. Kesho asubuhi badilisha saa ya lile jaribio la Ijumaa, kalamu unayo.

Kisha mtafute Redio. Usimwite ofisini kwako, mfuate alipo, umwombe radhi mbele ya wenzake kwa sababu ulimwaibisha mbele ya wenzake. Usimwombe arudi kwa mwanao. Hiyo si kazi yako, na ukiifanya utakuwa umempanga zamu nyingine.

Tumebaki na huyo binti. Hotuba ichane, na usimwandikie nyingine, hata ya kweli. Ana mdomo kuliko ukoo mzima, umesema mwenyewe, akitaka kumwambia Askofu neno atamwambia. Mwombe msamaha baada ya kufanya hayo yote na si kabla, maana ukianza na msamaha ataona unatafuta msomaji wa Jumapili. Na usilete ile ya "mimi niliyekulea." Anajua ulimlea vizuri, ndiyo maana alikulinganisha na wewe mwenyewe wa zamani, na hilo ndilo lililokuuma kuliko yote.

Huenda akabaki. Huenda akaondoka vilevile, kwani nafasi ameipata na moyo umeshachoka. Akiondoka, msaidie kufunga mizigo, msindikize, ulie ukirudi. Kuondoka kwake si adhabu ambayo mimi naweza kukuombea ipunguzwe.

Lakini muhula haujaisha, na chakula cha mchana kipo kila siku. Chukua sahani yako, panga foleni, mfuate mwanao alipokaa, hata kama amerudi kule nyuma karibu na jiko, umwulize kama unaweza kukaa. Muda wote huu wewe ndiye uliyeamua nani akae naye na nani ainuke, sasa mwachie aamue yeye. Na kama atakutazama akasema, "Leo hapana, mama mdogo," mwambie sawa mwanangu, ukatafute kiti kwingine.