Ndege wa Neema

Kingi, Jumatano jioni

Sanduku la vitambaa njo limenisumbua leo. Kesho kutwa nahamia Shasha kwa binti yangu Neema, mwalimu ambaye kijiji kizima kinamusalimia, lakini chumba changu kule iko kadogo. Broderi, vitambaa nilivyopamba kwa sindano maisha yangu yote, hazitaingia. Neema amekuja kunisaidia kufunga; tumegawia majirani nyingi. Hakuna mwanamuke hapa anayeshona ndege kama zangu, na wenyewe wanajua.

Niliogopa kitambaa kimoja tu: kile Neema alishona akiwa mutoto, nilichosifia mbele ya kila mugeni kama kazi yake. Usiku ule alipokimaliza na kulala, nilifumua mishono yake yenye kupinda, nikashona upya. Sikumwambia.

Leo Neema akakishika, akacheka. "Mama weh, huu si mukono wangu. Nilijua tangu asubuhi ile."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unanisifu vizuri sana. Ningekukatiza namna gani?"

Mimi, muntu wa maneno mengi, nikainamia sanduku, nikapangapanga nyuzi.

Akakiweka kwa vile vya kugawa. Akachukua kingine nilichoacha katikati, ndege bila mabawa. "Hiki njo tunaenda nacho. Mabawa nitashona mimi. Yakipinda, uyaache."

Nimekubali. Mungu anitulizie mikono.