Mkataba wa Melkiori na Uhuru wa Wachezaji wa Besiboli

S.L.P. 41,
Shelui, Iramba,
Singida.
14 Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa Fredrick,

Watu wengi wakisikia mchezaji amesaini mkataba hukosea jambo moja: huuliza atalipwa kiasi gani, hawaulizi ataruhusiwa kuondoka lini. Nimeanza na hilo kwa sababu limenikaa kooni tangu jana. Sasa nirudi kwenye adabu.

U hali gani huko Minesota, Marekani? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku ni wazima. Upepo wa Juni umeanza, asubuhi tunakaa na makoti mpaka saa nne. Alizeti tumeshapiga na magunia yako ndani. Mke wangu Editha anasema umtumie picha yako ukiwa umenenepa, na kama hujanenepa usitume.

Barua yako ya Pasaka kuhusu besiboli nimeisoma mara tatu. Mchezo wenyewe bado haujaniingia vizuri. Mtu apige mpira kwa rungu kisha atupe rungu akimbie. Lakini ulivyoeleza habari ya mishahara na uhuru wa wachezaji, nimekuvulia kofia. Umeeleza kama mwalimu.

Kilichonigusa zaidi ni ule utaratibu wa zamani. Karibu miaka mia moja, timu ikishamsajili mtu ilikuwa na haki ya kumshika mwaka baada ya mwaka, hata mkataba wake ukiisha. Akikataa mshahara, hana timu nyingine ya kumpokea. Kisha akatokea yule mmoja aliyekataa kuhamishwa bila kuulizwa, akaenda mahakamani, akashindwa, na mpira wake ukaishia hapo. Waliokuja baada yake ndio waliokula matunda. Mtu kupoteza kazi yake kwa ajili ya wenzake ambao wengine hata hawajaanza kucheza, hilo namheshimu sana.

Nilipokuwa nikisoma nilimkumbuka Joseph, mchunga ng'ombe wa babu yako. Kila mwaka alilipwa mtamba mmoja. Mwaka wa tano alisema sasa anakwenda kuanzisha boma lake. Babu yako alisikitika, maana hakuna aliyejua ng'ombe wale kama yeye, lakini alimtolea mitamba yake mchana kweupe na kumsindikiza hadi mtoni. Kama angemwambia hatoki, yule angekuwa mfungwa, hata kama angelipwa mitamba kumi.

Wenzetu hao wa besiboli pia hawakuacha mlango wazi moja kwa moja, na hapo napo nawasifu. Mchezaji hutumikia miaka sita kwenye ligi kuu ndipo awe huru, ili timu iliyomlea nayo ipate jasho lake. Timu tajiri ikipita kiwango cha matumizi hutozwa kodi, sehemu ya mapato hugawanywa ili miji midogo ipumue, na waliofanya vibaya huwekwa mbele katika kuchagua vijana wapya. Unasema bado matajiri wana nguvu zaidi. Nakubali. Lakini angalau wamekaa chini wakafikiri, maana mashindano ambayo mshindi anajulikana tangu siku ya kwanza hayana mtazamaji.

Hayo tunayaona hapa. Bwana Mughwai, yule mwenye nyumba ya wageni karibu na maegesho ya malori, amekusanya vijana wote wazuri kwenye timu yake ya mpira wa miguu. Wamechukua kombe miaka minne mfululizo. Mwaka jana kwenye fainali, watu walianza kuondoka kabla ya mapumziko, na mke wake alikuwa wa kwanza.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuandikie. Mughwai anamtaka mdogo wako Melkiori awe kipa wake. Kijana ana miaka kumi na saba, kwa hiyo karatasi ya mkataba inahitaji sahihi ya mama yako. Jana Mughwai alikuja nyumbani kwa mama yako na sukari, mchele na kitenge. Unajua sisi tulivyo: mgeni akishaleta zawadi na akala ugali wako, unaona haya kumhoji. Mama yako alikuwa ameshashika kalamu.

Nikamwomba Mughwai asome ukurasa wa pili kwa sauti.

"Mwalimu, unanisahihishia daftari?" akacheka.

"Bado sijatoa kalamu nyekundu," nikamjibu.

Akasoma. Imeandikwa kwamba Melkiori atabaki kwenye timu hiyo mpaka mwenye timu atakapoamua vinginevyo. Hakuna mwaka wa mwisho. Na kuna kocha wa Dodoma ameshamuulizia mara mbili.

Mughwai si mtu mbaya. Analipa kwa wakati, na kijana aliyevunjika mguu alimtibu mwenyewe. Nadhani aliinakili karatasi hiyo mahali bila kuitafakari. Lakini mama yako alikasirika na mimi. "Kaka, umeniaibisha mbele ya mgeni," alisema, "yaani kitenge nimepokea, halafu namkagua kama mwizi?" Melkiori naye akaniambia pembeni, "Mjomba, nikikataa nitaonekana sina shukrani."

Nimemwambia shukrani ni kudaka mipira yote itakayokuja. Kujifunga maisha hakumo.

Mughwai atarudi kesho jioni kuchukua karatasi, na mama yako amesema atasaini. Mimi nimeshaongea hadi amechoka kunisikia. Wewe ni mtoto wake wa kwanza, na neno lako kwake lina uzito kuliko langu. Ndiyo maana Dorkas, binti wa jirani, ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu. Posta ingekufikia kijana akiwa ameshazeeka golini.

Severina na watoto wake wanakusalimu. Babu Paulo anauliza kama huko kuna ugali wa uwele, nimemwambia nitakuuliza. Mungu akulinde kazini na masomoni, na akufanye uendelee kuwa mtu wa kueleza mambo mpaka yaeleweke.

Leo hii, kabla hujatoka kwenda kazini, mpigie mama yako umwambie asisaini mpaka ukurasa wa pili uandikwe kwamba mkataba ni wa misimu miwili, na ukiisha Melkiori yuko huru kwenda popote.

Mimi mjomba wako nikupendaye,
Sostenes