Karatasi Mfukoni mwa Suruali ya Kipara

Chumba cha Kupigia Pasi,
Nyuma ya Karakana,
Jumatatu, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Na wale wanangu wawili, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi wazima, ila mimi mikono imepauka kwa sabuni ya kufulia watu.

Shemeji yako aliomba zabuni ya madawati ya shule. Tungeikosa, karakana ingefungwa. Mpinzani wake ni yule fundi wa ng'ambo ya barabara, Kipara.

Upelelezi wetu ulikuwa wa mchana kweupe. Shemeji yako alikwenda shuleni, akajitambulisha, akaomba kuona madawati ya zamani aliyotengeneza Kipara. Walimu wenyewe wakamwambia miguu inacheza. Akaketi ajaribu, akanasa, darasa zima likamvuta huku likicheka.

Kasheshe ilikuwa kulinda siri zetu. Shemeji yako akipiga randa huimba vipimo vyake hadi mtaa wa pili, basi nikamwamuru afanye kazi na misumari mdomoni.

Sasa sikia. Kipara nguo zake hufulisha kwangu. Jumatano, kesho yake ndiyo siku ya kupeleka bei, nilipekua mifuko ya suruali yake kama kawaida nikatoa karatasi: "Bei ya madawati." Nikaishia kusoma hapo. Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikampelekea mwenyewe. Nilitamani kusoma, sikufichi. Leo alipoleta nguo nyingine, alikung'uta mifuko mbele yangu.

Nilipomwambia shemeji yako, alinuna siku tatu. Hata chumvi aliniomba kupitia kwa mama yake.

Jumamosi tukaitwa: zabuni ni yetu, kwa ajili ya miguu imara. Akarudi anacheka, akaninong'oneza, "Haya, sasa niambie. Aliandika ngapi?"

"Sijui."

"Kumbe kweli hukusoma?"

Siku zote alidhani nimesoma nikamnyima! Niliumia, nikalia juu ya mashuka ya watu. Akaniomba radhi mbele ya mama yake, akanikabidhi ufunguo wa droo ya karatasi zake zote za kazi.

Nisalimie shemeji mrefu, na shangazi mwambie kitambaa chake kimetakata. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata usipojibu.

Nyongeza: Hizo za kwenye droo nimezisoma zote. Dawati moja ameliandikia miguu mitano.