Leo Jina Lako Linaandikwa Dilala

Yaya wangu Ilunga, kaka yangu mkubwa, popote ulipo,

Sasa hivi tu mwanangu amevua soksi zake, akazivaa mikononi, akasimama mbele ya mkoba wa mama mkwe wangu na kuupiga ngumi tatu: kushoto, kushoto, kulia. Mkoba umeanguka, karanga zimemwagika chini ya benchi. Watu wote wanaongoja hapa wamecheka, ila yeye hakucheka. Aliinua mikono juu akangoja tumpigie makofi. Ana miaka mitatu, yaya, na hakuna aliyemfundisha.

Mama mkwe alinitazama, akasema polepole lile analolisema kila siku, "Unaona? Njo vile minasemaka. Ile jina inafanya kazi."

Tuko ofisi ya komine, kwa serikali ya hapa Dilala, tunangoja cheti cha kuzaliwa. Shule ya watoto wadogo haimpokei bila karatasi hiyo. Tangu azaliwe tunamwita Ilunga, jina lako, lakini mpaka jana lilikuwa jina la mdomo tu, na la mdomo kila mtu anaweza kulivumilia. Leo linaingia daftarini. Mama mkwe alipojua nakuja, alifunga kitenge chake cha kanisani akapanda pikipiki nyuma yangu bila kualikwa. Anataka karani aandike Kasongo, jina la marehemu mume wake. Baba wa mtoto yuko machimboni. Aliniambia, "Mutasikilizana na mama," akaenda zake.

Naandika hii juu ya magoti. Nitaipeleka redioni, kwenye kile kipindi cha watu wanaotafutana, kwa sababu sina anwani yako. Wengine wanasema uko Lubudi, unapakua mifuko kwenye treni. Wengine wanasema ulifika mpaka Kasaji, unabeba mihogo kwa baiskeli. Basi wasikie wote, Lubudi na Kasaji na hapa Kolwezi. Mi sifichi kitu.

Uliiba. Betri ya lori, wewe na wenzako wawili. Mlikamatwa, ukafungwa, ukamaliza kifungo chako. Siku uliyotoka, watu wa mtaa walikusindikiza kwa kelele za mwizi kutoka barabarani mpaka mlangoni kwa mama. Hukumaliza wiki, ukaondoka. Mi nilikuwa na mimba ya huyu. Na hao hao waliopiga kelele ndio waliosema, kwa sauti ya watu wenye akili, "Ni ile filamu ilimuharibisha."

Ile filamu! Walitaka tuitazame nini, misa? Unaikumbuka nyumba ya video karibu na soko, mabenchi ya mbao, jenereta nje ikikohoa kuliko wagonjwa? Filamu ilikuwa ya zamani, haina hata rangi. Vijana wa mji mkubwa wasio na kazi, mchana wanapigana ngumi chini ya ghorofa, jioni wanaingiza vidole mifukoni mwa watu. Walisema lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, na Tata Longin, mwenye video, alisimama kando ya televisheni na fimbo yake akituambia wanasema nini. Hata yeye hakuijua lugha ile, lakini alitafsiri bila kusita.

Na diski ilikuwa imekwaruzika. Kila mara ilikwama pale pale: kijana yuko chini, jicho moja limefumba, mwamuzi anahesabu, polisi wako mlangoni. Picha inaganda. Hapo Tata Longin anazima na kumalizia kwa mdomo. Siku moja kijana anasimama na kushinda. Siku nyingine polisi wanambeba. Mvua ikinyesha na watu hawataki kutoka, anaoa binti wa kocha, tena na mahari yote inasimuliwa.

Wewe ulibisha. "Tata, jana alisimama!"

"Jana ilikuwa jana," akakujibu. "Leo amechoka. Kaa kimya ao toka."

Tulicheka njia nzima. Halafu nyuma ya nyumba ukanifundisha. Tulikuwa na glavu mbili tu, zimepasuka, ulizoletewa na mzee mmoja wa kilabu cha ngumi, kwa hiyo kila mmoja alivaa moja na mkono mtupu akaukunja mgongoni. Anayetumia mkono mtupu ameshindwa. Hiyo ilikuwa sheria yako. Glavu ya kulia ulinipa mi, siku zote. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Mukubwa njo anapigana na ule mukono hauyui kitu," ukainua ule wa kushoto usiojua kupiga. Nilikutoa damu puani. Ulimwambia mama ulianguka mferejini, ukanikonyeza. Mwizi huyo huyo.

Na yule mtoto wa fundi cherehani aliyeningoja kila siku njia ya shule kunivuta daftari, hukwenda kumpiga. Ulisimama kando ya barabara ukaniambia, "Leo mi naangalia tu." Nikampiga mwenyewe. Mpaka leo hakuna mtu anayenivuta kitu.

Ndiyo maana leo mama mkwe amepata kazi nami. Yeye si mtu mbaya, yaya. Amekusanya karanga zote chini ya benchi, amezipuliza vumbi, na nusu amempa huyo huyo aliyezimwaga. Anamlilia mume wake, ambaye hakuna mjukuu anayebeba jina lake. Nilimwambia, "Mama, wa pili atakuwa Kasongo." Akatazama tumbo langu, akasema, "Ule wa pili sijamuona hapa kwa benchi."

Watu wamecheka tena. Nami nimecheka. Lakini amenishika mkono.

"Jina haiko nguo, mwanangu, useme utaivua kesho. Inaingia ndani ya mutoto. Unataka ile ya mwizi iingie?"

"Kama inaingia, mama, iingie yote," nikamwambia. "Isiingie betri peke yake."

Ameuacha mkono wangu. Sijui kama ni kwa kukubali au kwa kukasirika. Baadaye akauliza, "Unaandika nini ile mingi?" Nikasema barua. "Kwa nani?" Kwa yaya. Akafyonya, akageukia dirisha.

Unajua kinachoniudhi? Wote wanasema wanaujua mwisho wako. Mwisho gani? Wameona mtu yuko chini na polisi mlangoni, wakazima, sasa kila mmoja anamalizia kwa mdomo. Tata Longin angalau alibadilisha. Hawa wana mwisho mmoja tu, nao ndio wanataka kumvisha mwanangu. Mi nakataa. Nyumbani, kwa sababu amebeba jina lako, namwita Yaya kama ninavyokuita wewe: Yaya, njoo unawe. Yaya, shuka juu ya mfuko wa makala ya kupikia. Anaitika kwa kiburi sana. Ataingia darasani na jina hilo, mwalimu atalisoma kwa sauti, naye ataitika hivyo hivyo.

Foleni inasogea, kwa hiyo nasaini mapema. Ukisikia hii redioni, usijifiche nyuma ya watu. Inuka useme, ni mimi huyo. Jina lako litakuwa kwenye daftari hata usiporudi, lakini rudi. Njoo umwone mwenye jina lako anavyosimama, miguu ameipanua kama yako. Ubaki mzima, yaya, ule vizuri.

Ni mi, mdogo wako, sasa Mama Ilunga.

Bado kuna mtu mmoja mbele yangu, basi niongeze. Mama yetu hajambo, miguu tu inamuuma. Kitanda chako hakuna aliyekilalia, na Jumapili anaposonga bukari bado anakata lile donge la nne, lako, anasema ni kosa la mkono. Wananiita. Karani ameinua kalamu, anauliza, "Mutoto anaitwa nani?" Mama mkwe amekwisha kusimama, lakini mi ndiye niliye karibu na meza, na kalamu yangu naiweka hapa, nimjibu.